Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu muvi ya Baader Meinhof

Tangu niseme naisubiri kwa hamu hii muvi, inayohusu kundi la silaha la mrengo wa kushoto la Ujerumani Magharibi ya miaka ya 70, watu hawajaacha kuniuliza, wengine wapo Dar, wengine Nairobi, wengine wapo huku huku Ujerumani ila hawaelewi Wajerumani wanabishana nini kila wakiwasha tivii. Nimeona bora nijibu yote kwa mkupuo mmoja. Naandika hii Septemba 2008, sijaiangalia bado, nimeona trela tu, tena mara nyingi, kwa hiyo ninachojibu hapa ni historia yenyewe pamoja na yale yanayojulikana tayari kuhusu muvi.

Inaitwaje na inatoka lini?

Der Baader Meinhof Komplex. Inaingia kwenye majumba ya sinema ya Ujerumani Alhamisi tarehe 25 Septemba 2008, uzinduzi ulishafanyika München tarehe 16. Mwongozaji ni Uli Edel, prodyuza na mwandishi wa skripti ni Bernd Eichinger, yule yule aliyetuletea Der Untergang mwaka 2004, ile ya siku za mwisho za Hitler. Bajeti ni euro milioni 20, ambayo kwa sinema ya Kijerumani ni hela nyingi sana, urefu karibu dakika 150, na waigizaji wenye maneno ya kusema wamepita 100. Ujerumani imeshaiteua iende kugombea Oscar ya filamu za kigeni. Uingereza wanaipata Novemba.

Baader ni nani, Meinhof ni nani?

Ulrike Meinhof alikuwa mwandishi wa habari, tena mwenye jina, ana safu yake kwenye jarida la konkret kule Hamburg, anaalikwa kwenye mijadala ya tivii, ana mume, ana mapacha wa kike, ana maisha mazuri tu. Andreas Baader alizaliwa München mwaka 1943, shule ilimshinda, kazi ya kueleweka hana, anapenda magari ya kasi na anapenda akiongea watu wanyamaze. Na kuna jina la tatu ambalo halipo kwenye kichwa cha muvi lakini bila yeye hakuna stori, Gudrun Ensslin, mtoto wa mchungaji kutoka huku kusini upande wa Swabia, msomi, na wengi walioifuatilia hii habari wanasema yeye ndo alikuwa mhimili wa kundi.

Kundi lenyewe lilijiita Rote Armee Fraktion, yaani Kikosi cha Jeshi Jekundu, kwa kifupi RAF. Hilo la Baader-Meinhof ni la magazeti na polisi.

Walianzaje? Mtu anatokaje kwenye kalamu anaenda kwenye bastola?

Hili ndo swali langu mimi mwenyewe na ndo sababu naisubiri hii muvi kuliko zote za mwaka huu.

Usiku wa tarehe 2 Aprili 1968 Baader, Ensslin na wenzao 2 walitega moto kwenye maduka makubwa mawili ya Frankfurt, hakuna mtu aliyeumia, wakasema ni kupinga vita ya Vietnam. Wakahukumiwa miaka 3. Waliachiwa kwa muda wakisubiri rufaa, rufaa ikakataliwa, wakatoroka, na Aprili 1970 Baader akakamatwa tena Berlin. Sasa Meinhof akatumia jina lake, ikaombwa ruhusa Baader atolewe gerezani aje wafanye naye utafiti wa kitabu kuhusu vijana waliotupwa pembeni na jamii. Gereza wakakubali! Tarehe 14 Mei 1970 askari wakamleta kwenye chumba cha kusomea cha taasisi moja mtaa wa Dahlem, wakamfungua pingu, wakakaa pale, Meinhof ana makaratasi yake mezani kama mtafiti wa kweli kabisa. Wakaingia wenzao na silaha. Mfanyakazi wa taasisi anaitwa Georg Linke, mtu mzima wa miaka 60 na ushee, akapigwa risasi akaumia vibaya. Baader na wenzake wakaruka dirishani, na Meinhof naye akaruka.

Mimi hilo dirisha silimalizi kulifikiria. Angeweza kubaki kwenye kiti akasema jamani mimi nilikuja kufanya kazi yangu, hata mimi nimeshtuka kama nyie, na kesho yake angeandika makala. Sekunde kadhaa tu. Aliporuka aliacha watoto, aliacha jina, baada ya hapo picha yake ikabandikwa kwenye nguzo Berlin nzima kwa kosa la kujaribu kuua. Nataka nione Martina Gedeck, anayemcheza Meinhof, atalichezaje hilo, uso wake utasema nini kabla mguu haujapanda pale dirishani.

Lakini walikuwa na hoja au walikuwa wahuni tu?

Hasira ilikuwa na sababu, hilo lazima lisemwe wazi. Ujerumani Magharibi ya miaka ya 60 ilijaa watu waliomtumikia Hitler na bado wapo maofisini, mahakamani, vyuoni, hata Kansela Kiesinger mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi zamani. Vijana wanauliza baba zao ulikuwa wapi wakati ule, baba kimya.

Halafu ikaja tarehe 2 Juni 1967. Shah wa Iran yuko Berlin, anaenda kuangalia opera, wanafunzi wanaandamana nje, wafuasi wa Shah wanawapiga na fimbo na mapande ya mbao huku polisi wanaangalia, kisha polisi nao wakaanza. Mwanafunzi mmoja anaitwa Benno Ohnesorg, miaka 26, mke wake mjamzito, akapigwa risasi ya kichwa kwa nyuma na polisi anaitwa Karl-Heinz Kurras. Mahakama ikamwachia huru huyo polisi. Mwaka uliofuata, Aprili 1968, kiongozi wa wanafunzi Rudi Dutschke akapigwa risasi barabarani Berlin na kijana aliyejaa chuki za mrengo wa kulia, hakufa siku hiyo ila majeraha yale yale yalikuja kumuua mkesha wa Krismasi 1979. Magazeti ya kampuni ya Springer yalikuwa yamemchafua Dutschke kwa miezi mingi, vijana wakaenda kuzuia malori ya magazeti hayo usiku ule ule.

Na kuna kitu watu wa kwetu hawaambiwi. Dutschke mwenyewe alihesabu mwanzo wa harakati zao kuwa ni Desemba 1964, Moise Tshombe alipokuja Berlin. Ndiyo, Tshombe wa Katanga, mtu ambaye jina lake limeandikwa pamoja na kifo cha Lumumba. Wanafunzi wa Kijerumani pamoja na wanafunzi wa kutoka Afrika na kwingineko walivuka mistari ya polisi na kumrushia nyanya. Kwa hiyo damu ya Lumumba ipo kwenye mizizi ya hii habari, mwenye asili ya Kongo akiiangalia hii muvi ajue kuna uzi wa kwao mle.

Maelfu waliokuwa na hasira ile ile hawakuua mtu, waliingia kwenye siasa, ualimu, uandishi. Wachache ndo walioruka dirishani.

Waliua watu wangapi?

Zaidi ya 30 mpaka kundi lilipojivunja lenyewe mwaka 1998. Mei 1972 walilipua mabomu kambi ya Wamarekani Frankfurt, wakalipua ofisi za polisi Augsburg na München, gari la jaji Karlsruhe (jaji hakuwemo, mke wake ndo aliumia), jengo la Springer Hamburg ambako walioumia ni wafanyakazi wa kawaida, na makao ya jeshi la Marekani Heidelberg ambako walikufa wanajeshi 3. Mwezi uliofuata viongozi wote wakadakwa, Baader na Holger Meins na Jan-Carl Raspe kwenye gereji Frankfurt tarehe 1 Juni, Ensslin kwenye duka la nguo Hamburg tarehe 7, Meinhof tarehe 15 karibu na Hannover.

Wengi wanadhani stori inaishia hapo, kumbe ndo kwanza inaanza kuwa mbaya.

Kwa nini mwaka 1977 unatajwa kila mahali?

Wajerumani wanaiita vuli ya Ujerumani na hata mtoto wa shule akisikia hivyo anajua ni ile. Viongozi wako jela Stammheim, Meins alishakufa kwa mgomo wa kula Novemba 1974, Meinhof alikutwa amejinyonga ndani ya seli tarehe 9 Mei 1976, na nje kimekuja kizazi cha pili ambacho lengo lake kubwa limebaki moja tu, kuwatoa wakubwa wao. Tarehe 7 Aprili 1977 wakamuua Siegfried Buback, mwendesha mashtaka mkuu wa nchi, gari limesimama kwenye taa Karlsruhe, pikipiki ikaja ubavuni ikamwaga risasi. Tarehe 30 Julai mkuu wa Dresdner Bank, Jürgen Ponto, akauawa nyumbani kwake, na aliyebisha hodi akiwa ameshika maua ni Susanne Albrecht, binti wa familia rafiki, mtu wa kufunguliwa mlango bila wasiwasi. Jamani, maua.

Tarehe 5 Septemba wakamteka Hanns Martin Schleyer Köln. Huyu alikuwa mkuu wa chama cha waajiri, na zamani alikuwa ofisa wa SS, kwa hiyo kwao alikuwa alama ya kila kitu wanachokichukia. Walisukuma kigari cha mtoto barabarani dereva akashika breki, na hapo hapo wakawaua dereva na polisi 3 wa ulinzi. Wakataka wafungwa 11 waachiwe. Kansela Helmut Schmidt akakataa. Wiki 6 nchi nzima ilisimama, vizuizi barabarani, polisi na bunduki wanafungua buti za magari, mkuu wa polisi ya upelelezi Horst Herold na kompyuta zake anawasaka.

Sisi watu wa Afrika Mashariki inatuhusu nini?

Inatuhusu sana, na nikiri hapa ndipo hamu yangu ilipo zaidi.

Anza na Nairobi. Januari 1976 Wapalestina 3 walikamatwa karibu na uwanja wa ndege wakiwa na makombora ya kurushwa begani, lengo lilikuwa ndege ya El Al, shirika la ndege la Israeli, na siku chache baadaye Wajerumani 2 wakakamatwa walipoingia nchini. Wote 5 wakakabidhiwa Israeli kimya kimya.

Miezi mitano baadaye, tarehe 27 Juni 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ikatekwa baada ya kupita Athens, watekaji 4, Wapalestina 2 na Wajerumani 2, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Hao Wajerumani walitoka kundi jingine la mrengo wa kushoto, lakini kwenye orodha ya wafungwa waliotaka waachiwe alikuwemo Jan-Carl Raspe wa Stammheim, na walikuwemo wale 5 wa Nairobi pia. Ndege ikatua Entebbe, Idi Amin akawapokea. Kilichotokea pale mnakijua, abiria wa Israeli walitengwa na wengine, Mjerumani akiwa na silaha anawagawa Waisraeli upande mmoja, miaka 31 tu baada ya Auschwitz, na huyu ni mtu aliyeingia siasa kwa kuwachukia Manazi! Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli wakaja, na ndege zao zilijaza mafuta Nairobi, na Amin akalipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, waliouawa ni mamia. Mama mmoja mzee, Dora Bloch, aliyekuwa amelazwa Mulago, akatolewa kitandani akauawa. Familia za Wakenya wale hazimo kwenye sinema yoyote ya Entebbe niliyowahi kuiangalia.

Halafu Mogadishu. Schleyer bado mateka, tarehe 13 Oktoba 1977 watu 4 wa kundi la Kipalestina wakateka ndege ya Lufthansa iitwayo Landshut ikitoka Palma de Mallorca, abiria 86, wengi wao watu wa likizo na watoto wao, rubani na wenzake 4. Ikapita Roma, Larnaca, Bahrain, ikatua Dubai ikakaa siku 2 kwenye joto lile, na aliyekuwa anaongea na watekaji kutoka mnara wa uwanja ni Sheikh Mohammed bin Rashid, wakati huo waziri wa ulinzi na leo ndo mtawala wa Dubai. Ikaondoka ikaenda Aden, njia ya kutua imezibwa, marubani wakaishusha kwenye mchanga pembeni. Rubani mkuu Jürgen Schumann akaomba ashuke kukagua magurudumu. Akachelewa kurudi. Aliporudi, na alirudi mwenyewe kwa miguu yake kwa sababu abiria wake walikuwa mle, kiongozi wa watekaji akampigisha magoti katikati ya viti akampiga risasi mbele ya wote. Rubani msaidizi Jürgen Vietor akairusha peke yake mpaka Mogadishu, maiti ya bosi wake ikiwa ndani.

Mogadishu mwili ukateremshwa kwa ile ngazi ya dharura ya kuteleza. Watekaji wakawafunga abiria mikono, wakawamwagia pombe ya dukani ya ndege ili washike moto vizuri. Serikali ya Ujerumani Magharibi kule Bonn wakawadanganya kwamba wafungwa wameachiwa na wako njiani, wakapata saa kadhaa. Siad Barre, ambaye alikuwa vitani na Ethiopia na anatafuta marafiki wapya, akakubali kikosi cha Kijerumani GSG 9 kiingie. Saa 8 na dakika 5 usiku, tarehe 18 Oktoba, askari wa Kisomali wakawasha moto mkubwa mbele ya ndege ili watekaji wakimbilie mbele kuangalia, na wakati huo huo milango ikafunguliwa kutoka nje. Dakika chache kazi imeisha, abiria wote 86 hai, watekaji 3 wamekufa, mmoja mwanamke akabaki hai na majeraha.

Ule moto waliuwasha Wasomali, na miaka 31 sasa stori hii inasimuliwa Ujerumani kama vile uwanja ule haukuwa na wenyeji.

Kwa hiyo muvi itaonesha Mogadishu?

Landshut imo, ila msitegemee iwe kubwa, muvi inabeba miaka 10 kuanzia 1967 mpaka 1977 ndani ya saa 2 na nusu, kila tukio litapata dakika zake. Sehemu za jangwani wamepiga Morocco. Mwenye hamu na Mogadishu yenyewe asubiri mwisho wa Novemba, televisheni ya ARD inarusha filamu nyingine kabisa inayohusu utekaji ule tu.

Asubuhi ya tarehe 18 ilikuwaje? Walijiua au waliuawa?

Saa chache baada ya redio kutangaza mateka wako huru, walinzi wa Stammheim walifungua seli za ghorofa ya 7. Baader amekufa kwa risasi, Ensslin amening'inia dirishani, Raspe ana risasi kichwani akafia hospitali, mwenzao Irmgard Möller amechomwa kisu kifuani akapona. Uchunguzi rasmi ukasema wamejiua, bastola ziliingizwa kwa siri kupitia mawakili wa kesi. Möller amekana hilo miaka yote, na kwa muda mrefu watu wengi wa mrengo wa kushoto waliamini serikali iliwamaliza. Mimi naamini walijiua, na kitabu ambacho muvi imetoka humo nacho kinasimama hapo.

Siku iliyofuata Schleyer akakutwa Mulhouse, Ufaransa, ndani ya buti ya Audi. Wamemuua.

Hicho kitabu ni cha nani? Nikisome kwanza?

Stefan Aust, kilitoka 1985, jina ni lile lile la muvi. Aust alifanya kazi konkret, anamjua Meinhof tangu zamani, na mwaka 1970 ni yeye aliyekwenda Sicily akawachukua wale mapacha waliokuwa wamefichwa huko, kundi likiwa na mpango wa kuwapeleka kambi ya Wapalestina Jordan, akawarudisha kwa baba yao. Kwa hiyo sio mtu aliyesimama mbali. Ukikipata kisome, ni kinene ila kinakwenda. Usipokipata nenda tu, ila yakariri majina matatu manne kabla, la sivyo utapotea, maana sura zitapita haraka na kizazi cha pili kinaingia bila kujitambulisha.

Wanaocheza ni akina nani?

Gedeck ni Meinhof, Moritz Bleibtreu ni Baader, Johanna Wokalek ni Ensslin, na kwenye trela huyu wa tatu ndo aliyenitisha, ana macho ya mtu ambaye keshaamua. Nadja Uhl ni Brigitte Mohnhaupt, kiongozi wa kizazi cha pili. Bruno Ganz, aliyecheza Hitler miaka 4 iliyopita, safari hii ni Horst Herold mkuu wa upelelezi. Stipe Erceg ni Holger Meins.

Si wataonekana mashujaa? Bunduki, magari, wanawake wazuri...

Hofu hiyo Wajerumani wenyewe wanayo na magazeti yamejaa mjadala huo. Na mimi ninayo. Baader alipenda BMW za kuiba mpaka watu mtaani wakasema herufi zile ni kifupi cha Baader-Meinhof-Wagen, yaani gari la Baader Meinhof, ukimuweka mtu kama Bleibtreu kwenye usukani na muziki mzuri nyuma, kijana wa miaka 17 atatoka pale anatamani koti la ngozi. Trela ina milipuko mingi mno kwa moyo wangu.

Lakini Eichinger na Edel wamesema wanataka kuonesha matendo yenyewe bila kupamba, risasi zihesabike, na kama kweli watamwonesha Linke kwenye damu yake sakafuni basi koti la ngozi halitadumu akilini. Kipimo changu kitakuwa madereva. Dereva wa Buback aliitwa Wolfgang Göbel. Dereva wa Schleyer aliitwa Heinz Marcisz. Kundi lilisema linapigania wafanyakazi, na hawa walikuwa wafanyakazi, wanaendesha gari la mtu mwingine kwa mshahara, wamefia kwenye usukani kwa sababu walikuwa njiani kwenye mpango wa watu wengine. Kwenye vitabu vingi utasoma tu kwamba aliuawa fulani "na dereva wake". Nataka muvi iwape sura.

Sielewi Kijerumani, nifanyeje?

Subiri toleo lenye maandishi chini, litakuja na dividii. Usiangalie nakala ya kuibia iliyorekodiwa ukumbini, watu wanaongea haraka sana mle hata mimi niliyekaa huku miaka mingi najua nitakosa maneno.

Naweza kwenda na watoto?

Hapana.

Wahusika wapo hai? Wameomba msamaha?

Wengine wapo. Mohnhaupt alitoka jela Machi 2007 baada ya miaka 24. Christian Klar, naye wa kizazi cha pili, alikamatwa 1982, aliomba msamaha wa rais na Rais Köhler akamkatalia mwaka 2007. Horst Mahler, mwanasheria aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi, alihamia mrengo wa kulia kabisa wa Manazi mamboleo, na hapo ndo utajua itikadi kwa watu wengine ni nguo tu. Otto Schily aliyemtetea Ensslin mahakamani alikuja kuwa waziri wa mambo ya ndani wa Ujerumani hii hii, bosi wa polisi. Susanne Albrecht, yule wa maua, alijificha Ujerumani Mashariki kwa jina jingine mpaka alipokamatwa 1990. Na mpaka leo haijulikani kwa uhakika nani alifyatua risasi zilizomuua Buback, waliokuwepo hawasemi, mtoto wake bado anatafuta jibu. Mimi nadhani kunyamaza huko ndo kosa ambalo wanaendelea kulifanya kila siku wakiamka.

Ulishafika Stammheim?

Naishi Stuttgart, kwa hiyo nimepita mara nyingi, ni jengo refu la kijivu pembeni ya mji na bado ni gereza. Kilichonigusa zaidi ni makaburi ya Dornhalden, huko msituni juu ya mji. Baader, Ensslin na Raspe wamezikwa pale kaburi moja. Mwaka 1977 wananchi wengi hawakutaka, walisema wasizikwe na watu wa heshima, meya wa mji wakati ule alikuwa Manfred Rommel, mtoto wa yule Rommel jemadari wa jeshi la Hitler, akasema uadui wote uishie kwenye kifo, hakuna makaburi ya daraja la kwanza na la pili. Watu walimtukana sana. Nilienda pale Novemba, majani yamelowa, mtu alikuwa ameacha ua moja jekundu limeshaanza kuoza. Kimya kabisa. Nilisimama nikakumbuka kwamba baba yake Ensslin, yule mchungaji, alisimama hapo hapo.

Utaenda siku gani na nani?

Alhamisi ile ile, shoo ya jioni, tiketi ninazo mbili. Nyingine ni ya mzee jirani yangu wa ghorofa ya chini, dereva mstaafu, aliyekuwa anaendesha mabosi wa kiwanda miaka ya 70. Nilipomwambia habari ya muvi alikaa kimya kidogo, akaniambia Septemba ile 1977 mke wake alikuwa anamfungia vitufe vya koti asubuhi mlangoni halafu hamwachii, anamshika hivi kola, na bosi aliomba abadilishiwe njia kila siku. Akaniuliza wataonesha kile kigari cha mtoto? Nikamwambia nadhani kitakuwepo. Akasema basi atakaa kiti cha pembeni karibu na mlango, ila atakuja.